Fundi Viatu wa Malangali Aliyemwonea Wivu Majeruhi

Jua halijakaza juu ya Milima ya Mbizi, na upepo wa Sumbawanga mwezi huu wa Juni unapenya hata ndani ya koti. Isdori Kauzeni ameketi kwenye kigoda mbele ya banda lake, karibu na lango la soko, kiatu cha mgambo amekibana katikati ya mapaja. Mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele kama ubao, kwa sababu haukunjiki. Wateja waliomzoea huuruka tu bila kuutazama.

“Wageni ndio hujikwaa,” anasema huku akivuta uzi kwa meno. “Mimi nawaambia pole, nao wananiambia pole. Basi tunakuwa hatudaiani.”

Isdori, mwenye miaka thelathini na mitano, ni mkazi wa mtaa wa Malangali na baba wa watoto watatu. Tangu biashara ilipoachiwa huru, marobota ya viatu vya mitumba yamejaa sokoni, na vingine vinaingia kwa malori yanayopita mpakani Kasesya. Mtu akitobokewa soli hashoni tena, ananunua kingine. Kuna siku fundi huyu hurudi nyumbani na hela ya chumvi tu.

Lakini watu wa mji huu hawamjui Isdori kwa viatu. Wanamjua kwa mpira, na tangu mwaka jana wanamjua pia kwa jambo alilolifanya mbele ya uwanja mzima, ambalo wapo wasiomsamehe mpaka leo.

Miaka kumi na kitu iliyopita, Isdori alikuwa winga wa kulia wa Mbizi, timu iliyokuwa chini ya shirika moja la umma. Alikuwa na mbio, watu wakambatiza jina la Kiberenge. Shirika lilimpa kazi ya karani wa ghala ili asiende kuchezea timu nyingine. “Nilikuwa nikipita mtaani, akina mama wanaacha kutwanga,” anakumbuka.

Mwaka 1986 Mbizi ilifika fainali ya mkoa. Siku chache kabla ya mchezo, Isdori aliumia goti mazoezini, likavimba kama boga. Kocha wa timu, Adolfu Kasitu, ambaye mji mzima unamwita Mwalimu, akamleta mtu mwenye sindano ya ganzi. Isdori akachomwa, akaingia uwanjani, akafunga bao la ushindi, akabebwa mabegani.

“Kesho yake sikuweza kushuka kitandani,” anasema. “Na sikukimbia tena.”

Mashirika yalipoanza kupunguza watu, karani asiyeweza kupanda ngazi ya ghala alikuwa wa kwanza kupewa mkono wa kwaheri. Mjomba wa mkewe ndiye aliyemfundisha ushonaji wa viatu.

Kwa miaka kadhaa Mbizi nayo ilikuwa kama imekufa. Ikafufuliwa na mfanyabiashara wa mahindi aliyenufaika na soko huria, naye akamrudisha Mwalimu Kasitu. Pamoja na kocha, alikuja mshambuliaji kijana kutoka bonde la Ziwa Rukwa, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko na ng’ombe wao. Jina lake ni Timoth Luhende.

Timoth alikuwa na mbio. Katika mchezo wake wa tatu, jukwaa likaanza kumwimba: Kiberenge! Kiberenge!

Isdori alikuwapo siku hiyo, amesimama kwenye kamba inayozunguka uwanja na fimbo yake. Hata sasa akilisimulia, sindano inasimama mkononi. “Sijafa,” anasema. “Nipo hapa, nashona viatu vyao. Wakachukua jina langu wakampa mtu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia.”

Kuanzia hapo, kila alichopewa Timoth kilimkaa Isdori kooni. Alisikia kwamba mfadhili anampelekea maziwa, kikamkaa. Akasikia amepangishiwa chumba chenye umeme, hicho nacho kikamkaa. Nyumbani alikuwa mkali, na Jumapili baada ya misa hakutaka kusimama na watu kwa kuogopa wataanza kumsifia kijana yule.

Mkewe, Justina, hakuzungusha maneno. “Nilimwambia, baba Adela, wewe huumwi na timu. Unaumwa na wivu,” anasimulia mama huyo anayelima ulezi na mahindi nje ya mji. “Akasusa chakula. Nikajua nimegusa penyewe.”

Ndipo Timoth akaumia. Aliteguka kifundo cha mguu ligi ya mkoa ikiwa inaelekea ukingoni. Daktari akasema apumzike wiki sita, na Mwalimu Kasitu akasema zitakuwa sita kweli. Hakumpanga. Mbizi ikatoka sare, ikafungwa, ikatoka sare tena, ikaingia fainali kwa tundu la sindano.

Soko likachemka. Fransiska, muuza maharage ambaye hajawahi kukosa mchezo wa Mbizi, alikuwa akimsema kocha tangu asubuhi hadi anafunga genge. “Timu inazama, yeye anamwatamia mchezaji kama yai!” alikuwa akilalama. “Kijana mwenyewe namwona anatembea. Anayetembea anashindwaje kupiga mpira?”

Kasmir, mpakiaji wa magunia, alikuwa na hoja yake. “Sisi migongo inatuuma kila siku ya Mungu. Nani anatupumzisha? Mpira ni kazi. Aende kazini!”

Isdori aliwasikiliza, kisha akaongeza kuni. Kwa kuwa alikuwa shujaa wa zamani, neno lake lilikuwa na uzito. Akawaambia kwamba zamani wachezaji walicheza wakiwa wameumia na vikombe vikaja. Hakuwaambia kwamba goti lake linamwamsha kila mvua inapokaribia. Mashabiki wakamchagua awe msemaji wao kwa kocha.

Walikwenda nyumbani kwa Mwalimu jioni, watu wapatao kumi. Isdori akasalimu, “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Isdori. Karibuni.”

“Tumetumwa na watu. Jumamosi ni fainali na Mpanda. Watu wanataka Timoth acheze.”

“Kifundo hakijapona.”

“Mbona wengine walicheza?”

Isdori anasema Mwalimu alimtazama mguu, akaondoa macho haraka. “Nimesema hachezi,” akajibu. “Atakaa benchi avae jezi ili mfadhili aridhike. Kuingia, haingii.”

Walitoka wakinung’unika. Isdori naye alinung’unika, ila lake lilikuwa lingine. “Wenzangu walikasirika kwa sababu amekataa,” anasema. “Mimi nilikasirika kwa sababu anaweza kukataa. Kumbe kukataa anakujua! Kwangu mbona hakukataa?”

Siku mbili kabla ya fainali, Timoth mwenyewe alifika langoni mwa soko, kiatu chake cha njumu kwapani.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Kimeachama?”

“Hapana. Nataka unitilie ngozi ngumu humu ndani, inikaze kifundo. Lakini fundi, naomba Mwalimu asijue.”

Isdori akamwambia aketi avue soksi. Kifundo kilikuwa bado kimejaa, rangi yake kama zambarau iliyoiva. Kijana akaeleza kwamba kuna watu wanakuja kutoka Mbeya kutafuta wachezaji. Asipoonekana Jumamosi, hawatarudi tena mpaka mwakani. “Baba ameshasema, mwaka huu nisipopata kitu kwenye mpira, nirudi bondeni nikachunge.”

Fundi alijua ngozi ile ingefanya nini. Ingemshika kijana dakika chache, ikamdanganya kuwa amepona, kisha kifundo kingekwenda moja kwa moja. Alijua kwa mwili wake, hakuhitaji kuambiwa.

Akachukua kipande cha ngozi ya ng’ombe, akakipima kwenye kifundo, akakata. Akashona vizuri. Anasema hajawahi kushona vizuri kama siku ile.

Alipoulizwa kama alitaka kijana aumie, Isdori alichukua gundi, akaiweka chini tena. “Sitasema ndiyo, na sitasema hapana,” alijibu hatimaye. “Nilitaka na yeye asilelewe. Basi. Nilitaka tufanane.”

Jumamosi uwanja ulifurika. Mpanda wakapata bao mapema, na kipindi cha pili kikaanza Mbizi ikiwa nyuma. Mashabiki wakaacha kuimba, wakaanza kumtukana kocha. Maganda ya miwa yakamfikia miguuni. Mfadhili akatoka kwenye kiti chake, akaenda kumnong’oneza.

Mwalimu akamgeukia Timoth, akamwamuru aruke mbele yake. Timoth akaruka. Akamwambia aruke kwa mguu mmoja, ule mbovu. Timoth akaruka, uso mkavu. Ngozi ya Isdori ilikuwa inafanya kazi yake. Mwalimu akasita, akatazama jukwaa, kisha akamwonyesha kamba akapashe misuli.

Uwanja ulilipuka. Fransiska alivua kitenge akakipeperusha. Timoth akaja akikimbia kando ya kamba, mpaka mbele ya Isdori. Pale akaruka kama anapiga kichwa, akatua, akayumba. Akashika majani kwa mkono. Kisha akainua uso akawachekea watu.

“Kile kicheko nakijua,” anasema Isdori. “Unacheka ili wasione. Nilikicheka mimi mwaka themanini na sita, na watu wakanipigia makofi. Nikamwona mtoto wa mtu anakwenda kuwa mimi, na mkono uliomsukuma ni wangu.”

Akainama chini ya kamba na mguu wake usiokunjika, akaingia uwanjani, akachechemea hadi kwenye benchi.

“Mwalimu, mrudishe huyo kijana.”

“Isdori? Si wewe ulikuja kwangu kudai acheze?”

“Ni mimi. Mrudishe. Kiatu nimekitia ngozi, anakudanganya. Mvue uone.”

Mwalimu akamwita Timoth, akapiga magoti, akamfungua kamba za kiatu mwenyewe. Aliitoa ile ngozi, akakiona kifundo. Akamfunika kijana koti na kumkalisha.

Mchezo uliisha hivyohivyo, bao moja kwa bila. Mpanda wakachukua kombe.

Yaliyofuata Isdori anayasimulia bila kulalamika. Waliomtuma kwa kocha walimwita msaliti. Jioni hiyohiyo banda lake liliangushwa na zana zake zikatawanywa matopeni. Kasmir alipeleka viatu kwa fundi mwingine, na bado anapeleka huko. Fransiska alikaa hadi mavuno bila kumwitikia salamu.

Timoth ndiye aliyekuwa na maneno makali zaidi. “Umeniuza, fundi,” alimwambia mbele ya watu. “Ungenikatalia siku ile ile nikajua moja. Ulinishonea, halafu ukaniumbua.”

“Alisema kweli,” Isdori anakiri.

Mwalimu Kasitu alifika siku chache baadaye, wakati Isdori na Justina wanasimamisha banda upya. Akashika nguzo, wakafukia pamoja. Hapo Isdori akamuuliza lile alilokuwa nalo miaka yote.

“Mwalimu, mimi mbona hukunitoa?”

Mzee yule alisindilia udongo kwa kisigino kabla ya kujibu. “Nilikuuliza kama uko salama, ukasema uko salama. Nikataka kukuamini kwa sababu nilitaka kombe. Tangu wewe, mchezaji akiniambia haumwi, simwamini.”

Wangekuwa watu wengine, labda wangekumbatiana. Isdori alikasirika upya, na anasema hasira ile haijaisha. “Kwa hiyo goti langu ndilo lililokuwa shule yake,” anasema. “Wenzangu wamesomea humo bure, ada nimelipa mimi.”

Timoth alipona, na baba yake akamwongezea muda. Ligi ilipoanza tena alirudi na mbio zote, akafunga mabao, na watu wa Mbeya wakarudi kweli. Machi mwaka huu walimchukua. Kabla ya kupanda basi alipita langoni mwa soko, akasimama mbele ya kigoda.

“Fundi, naondoka.”

“Haya. Safari njema.”

“Nakaa benchi kwanza huko. Nikianza kucheza, uje.”

Isdori alimpa mkono, lakini anasema hakumshika vizuri, alimgusa tu na kurudi kwenye kazi yake. Basi lilipopita lilimwacha ameinamia kiatu kisichokuwa na tatizo lolote. “Ningekuwa mtu mwema ningefurahi,” anasema. “Wivu haukutoka. Nilimzuia asivunjike, sawa. Lakini kule anakokwenda, nilitakiwa niwe nimekwenda mimi.”

Justina, anayemsikiliza huku akimpangia njumu za kushonwa, anatikisa kichwa na kucheka kidogo. Anasema siku hizi walau mumewe anautaja wivu kwa jina lake, na anakula chakula chake.

Wiki iliyopita habari zililetwa na dereva wa lori: Timoth ameanza kupangwa. Isdori amemwomba dereva huyo nafasi ya kwenda Mbeya mavuno yakiisha, na dereva amekubali. Atamchukua pia Adela, binti yake mkubwa, ambaye hajawahi kuona mpira wa mji mkubwa.

Anataka nini huko? Fundi anaweka chini kiatu cha mgambo, anausukuma mguu wake kwa mikono miwili ili akae vizuri.

“Nataka kijana yule afunge bao, na mimi nipige makofi bila kitu kunichoma hapa,” anasema, akijigusa kifua. Ataweza?

“Sijui,” anajibu. “Nitajaribia hukohuko.”