Chumba cha Chaki

Mama mshonaji hakushauriana na mtu. Asubuhi alitoka nje uani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akapiga magoti na kuchora chumba kizima sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo: mlango huku, dirisha kule.

Mwanawe alibaki na kikombe cha chai mkononi. "Mama, tuko watatu na vyumba vitatu. Hicho cha nani?"

"Cha mwenyewe. Na usiruke ukuta wangu, pitia mlangoni!"

Mwashi alipofika naye alifokewa vivyo hivyo, ikabidi arudi nyuma na kupiga hodi hewani. Walielewana katika kila kitu, mpaka mama alipotaka ukuta wa mwisho uachiwe meno ya matofali, ili nyumba iweze kuongezwa tena baadaye.

"Utachekwa, mama," alisema mwashi.

"Wacheke. Nguo ya mtoto huachiwa pindo."

Mkwe wake, aliyekuwa akianika nguo, aliangusha shuka. "Mama! Umejuaje? Hata mume wangu sijamwambia!"

"Kwani juzi nani alikupima gauni? Kiuno kimeongezeka inchi mbili, na chakula chenyewe hukigusi!"

Kijana alitupa kikombe, akamkimbilia mkewe, akakatiza ukuta na kuufuta wote kwa nyayo. Mama alifungua mdomo amfokee, akaufunga. Akainama, akauchora ukuta upya, safari hii akiusogeza nje hatua nzima.