Pindo la Gauni Jeusi

Mama Anthony wa Chilangala hajajaliwa utulivu. Jumapili, wenzake wa Umoja wa Akina Mama wakishajitandaza kwenye mabenchi, yeye husimama mlangoni mwa kanisa na khanga mkononi, akimsubiri binti atakayethubutu kuja na magoti nje. "Jistiri, mwanangu," humwambia, na kabla binti hajafungua mdomo kashafungwa khanga mpaka vifundoni. Mabinti wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa padri.

Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, mjukuu wake Witness alipopiga simu kutoka Masasi, bibi wa watu alishtuka kama aliyeambiwa nyumba inaungua.

"Bibi, nisamehe. Nilipokuja kuokota korosho nilifungua sanduku lako kutafuta shuka, nikaliona lile gauni jeusi. Nimelichukua. Leo ni sendofu ya Flora, na tumekubaliana wote tuvae mambo ya zamani."

"Gauni gani?" Utadhani ana sanduku zima la magauni meusi.

"Lile fupi. Ni la nani, bibi?"

Simu ikakatika. Aliyeikata ni bibi mwenyewe.

Lilikuwa lake. Alishonewa enzi za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, vijana walipofuga nywele mpaka kofia zikakosa pa kukaa, naye hajawa mama wa mtu bado, ni Selestina tu, binti wa katekista Lameck. Kitambaa cha tetroni nyeusi, mikono mifupi, na urefu ambao fundi aliuliza mara mbili kama kasikia vizuri. Nyumbani alitoka amejifunga khanga. Akifika dansini anaifungua. Siku zile walikuwepo watu waliojipa kazi ya kuwafukuza wenye vimini barabarani, na Selestina alifukuzwa sana, akikimbia huku anacheka. Ulikuwa msimu mmoja tu wa korosho. Kisha ikaja posa ya mwalimu Bernard, na baba yake akamtaka achague: ndoa ya kanisani au hilo guo la shetani. Akachagua ndoa. Gauni alisema kalichoma, kumbe kalilaza chini kabisa ya sanduku. Bernard ameingia kaburini hajui.

Na sasa watoto hawa, waliokuwa wakitucheka jana na suruali zao za modo na za mlegezo, wamechoka na vyao, wanafukua masanduku ya bibi zao! Witness angesimama mbele ya nusu ya Masasi, na watu wangeuliza gauni la nani. Mama Anthony alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Akawasha moto, akausahau. Akapiga simu, haikupokelewa, akapiga tena. Wahenga wanasema ukivuliwa nguo, chutama, lakini yeye alitaka kuwahi kabla hajavuliwa. Jua halijapanda vizuri alikuwa mgongoni mwa pikipiki kwenda Newala mjini, na kutoka hapo akapata gari la kuteremka Masasi. Kila aliyemwuliza safari alijibiwa kwamba anakwenda kumwona mgonjwa. Njia nzima alipanga maneno: atamvua, atalikunja, atarudi nalo.

Aliulizia mpaka akamkuta Witness mtaa wa Lisekese, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, Vitalis, kijana wa kwao Chilangala.

"Shikamoo, bibi! Mbona ghafla?"

"Marahaba. Liko wapi?"

Witness akainuka. Alikuwa amelivaa, na limemkaa mwilini vizuri ajabu. Ila lilipita magoti. Vitalis alikuwa ameliongezea kitenge kipana chini, chenye marinda, na kulipiga pindo safi.

"Mwenyewe niliona limezidi ufupi," Witness alisema kwa furaha. "Nikasema, bibi akiniona hivi atanifunga khanga. Nimekuheshimu wewe, bibi yangu."

Hapo ndipo Mama Anthony alipopaswa kumshukuru Mungu. Badala yake alimsogelea Witness. Akalishika lile pindo, akaligeuza, akaliachia.

"Mmelifanya nini gauni langu?"

Witness akamtazama bibi yake, kisha gauni, kisha bibi yake tena.

"Lako?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Anthony na hakuyafuta. Hayakuwa ya aibu, ingawa aibu ndiyo iliyompandisha pikipiki. Maishani alikuwa na kitu kimoja ambacho baba hakukigusa, mume hakukigusa, kanisa halikukigusa. Leo kimeguswa, na aliyemfundisha mtoto kukigusa ni yeye.

"Vitalis, mwanangu, nipe wembe."

"Mama Anthony, hiyo kazi nimeimaliza sasa hivi..."

"Nipe wembe."

Akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, akaanza kufumua. Witness alisimama wima, kitenge kikimdondokea miguuni kipande kwa kipande.

"Bibi," alinong'ona, "watu wakiuliza ni la nani, niseme nini?"

"Sema la bibi yako, mke mwenzangu." Alikata uzi wa mwisho kwa meno. "Na sema lilikuwa fupi hivihivi."