Mnara Mfupi wa Kanisa la Mlimani

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Mbele za watu sisemi mengi, kwa hiyo naandika.

Kanisa letu la zamani liko mlimani, ukitoka Kasulu kuelekea Kibondo. Fundi wake mkuu alikuwa baba yangu. Padri wa kwanza, Mzungu, alimpa picha ya kanisa kuu la mji alikozaliwa, akamwomba ajenge linalofanana nalo, dogo kwa kadiri ya matofali yetu. Baadaye picha ilitundikwa sakristia, chumba cha padri cha kuvalia. Nilipokuwa nikifagia humo nilisimama kuitazama. Mawe yalikuwa meusi kama yaliyokaa juu ya moshi. Juu ya mlango palikuwa na dirisha la duara lenye vioo vya rangi, na ukutani watakatifu wa mawe, wengine hawana pua. Mbele palikuwa na uwanja uliotandikwa mawe, akina mama wameketi na vikapu vya mboga. Padri alitueleza kwamba kanisa lile lilijengwa karne nyingi zilizopita, likaungua, likajengwa tena, na kwamba babu, mwana na mjukuu waliifanya kazi ile ile moja.

Kwenye picha mnara wa kulia ulikuwa mrefu, wa kushoto mfupi. Baba alipima picha kwa uzi, akajenga hivyo hivyo. Ule mfupi akaufunika juu kwa saruji, akailainisha kwa mwiko, akasema kazi imekwisha. Hata uwanja tuliuiga. Baada ya misa mama zetu waliuza maharage na ndizi, na wafanyabiashara wa Kasulu walileta chumvi na kanga. Wanaume kwenye mtungi wa pombe walimtania baba kwamba amejenga mbuzi aliyekatwa sikio. Yeye aliwajibu kwamba hawajui kutazama picha. Ile ndiyo kazi aliyotaka akumbukwe nayo.

Nilikuwa nimemaliza shule padri yule aliporudi kwao, akaja mwingine, Mtanzania wa mkoa wa mbali. Siku moja tukifagia uwanja, alimwuliza baba ataumalizia lini mnara wa kushoto. Baba alikwenda kuleta picha, akamwonyesha kwa kidole.

"Fundi," padri alisema, "hata wao waliolijenga hawakukusudia uwe mfupi. Nilisoma habari zake seminari. Tauni iliua mafundi, ukabaki hivyo."

Baba aliitazama tena ile picha.

"Na mafundi waliopona, walisema kazi imekwisha?"

"Hapana. Walisema wataendelea."

Wakakubaliana matofali yafyatuliwe kiangazi kile. Lakini kiangazi kile kile ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi wa mlimani tulipangiwa bondeni, kando ya barabara, mbali na kanisa. Kila nyumba iling'oa milango na nguzo zake. Baba alimwomba balozi wa nyumba kumi amwachie wiki chache, amalize mnara.

"Mzee, mnara hauhami," balozi alisema. "Unayehama ni wewe."

Mchana wa mwisho baba alipanda juu na nyundo. Watu walisimama uwanjani na mizigo yao wakidhani anabomoa kwa hasira. Aliivunja ile saruji laini yote. Kisha akachukua matofali yaliyokuwapo, akainua pembe nne tu, katikati akapaacha chini. Hivyo ndivyo fundi anavyoacha ukuta jioni, anapojua kwamba kesho atafunga uzi kwenye pembe na kuendelea.

Aliposhuka alinawa mikono, akabeba mlango wetu.

"Sasa hata fundi asiyenijua ataona pa kuanzia," alisema.

Bado tuko kando ya barabara. Misa husomwa kule mlimani sikukuu kubwa tu, na hakuna aliyeongeza tofali. Kama yupo msomaji aliyewahi kufika ng'ambo akaliona kanisa kuu lenye mnara mmoja mfupi, tafadhali aniandikie, hata mistari miwili, aniambie kama wenzetu walishaendelea. Baba huniuliza.