Wito Mtupu

Mama alifia kijijini kwetu Samuye asubuhi ya Jumanne, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na kazi ya kumwita kaka ikawa yangu. Kaka alikuwa fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba, Geita. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni hiyohiyo, ofisi ya Shinyanga mjini. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini.

"Usimwambie kwamba mama amekufa," baba mdogo alinionya alipokuja mjini kunipa habari. "Mwambie aje tu. Mengine atayakuta hapa, katikati ya watu."

Redio ya sauti ya kampuni ilisikika kambi zote, na watu wangekisia msiba, kwa hiyo sikuigusa. Nilikuwa na njia yangu, na niliijivunia kupita kiasi.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiandika programu ya kutengeneza faili za XML, maandishi yanayowekwa kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga. Ilisoma kwanza skima, yaani faili inayoeleza ujumbe unatakiwa uwe na nini, kisha ikajenga ujumbe wenyewe na kuurusha hadi kompyuta ya Geita, ambako karani aliuchapa. Kila ujumbe ulikuwa na elementi moja ya nje iliyobeba yote, tuliiita mzizi. Ripoti ya uchorongaji ilikuwa mzizi wenye watoto: namba ya shimo, kina, aina ya mwamba. Nilizijaribu ripoti hizo hadi karani akachoka. Mara nyingine nilimtumia kaka karatasi tupu za majaribio, naye akanitania kwamba kazi yangu ni kusafirisha hewa.

Ndani ya skima kulikuwa na ujumbe mwingine ambao hakuna aliyewahi kuutumia, uitwao wito. Huo haukuwa na watoto. Mzizi wenyewe ulibeba maneno, basi. Nikaandika neno moja, Njoo, nikaweka jina la kaka kwenye jina la faili, nikatuma, nikapanda gari la kwenda Samuye moyo ukiwa umetulia. Utulivu ule unaniuma mpaka leo.

Jumatano tulimsubiri tangu asubuhi. Kila vumbi lilipoinuka barabarani shangazi zangu walisimama. Alasiri baba mdogo akasema mwili hauwezi kungoja zaidi kwa joto lile. Nikatupa mimi udongo wa kwanza. Nilimkasirikia kaka kiasi kwamba sikulia.

Alifika Jumamosi, likizo yake ya kawaida, na kitenge cha kumpa mama kwapani.

"Mhola?" alisalimu kwa Kisukuma, kwa furaha, kutoka mbali.

Hakuna aliyemjibu "mhola duhu", salama tu. Akaangalia kichwa changu kilichonyolewa, kisha cha baba mdogo, kisha akakaa chini palepale njiani.

"Nilikuita!" nilimfokea, mbele ya wakwe na majirani. "Jumanne nilikuita!"

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Alama ya kufungua wito, alama ya kufunga, katikati hakuna kitu.

"Nilidhani unajaribu mashine," alisema.

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Afadhali angenipiga.

Jumatatu nilifungua programu yangu nikaona ujinga wangu wote. Ilipofika kwenye mzizi ilikwenda moja kwa moja kutafuta watoto. Maagizo ya kuandika maneno niliyaweka kwa watoto peke yao, maana sikuwahi kufikiri kwamba mzizi unaweza kukosa mtoto na bado ukawa na la kusema. Ilipowakosa, ikaufunga ujumbe, bila hata kulalamika. Marekebisho yalikuwa mistari minne: kabla ya kutafuta watoto, uliza kama mzizi wenyewe ni wa aina sahili, wenye maneno tu bila watoto; kama ndiyo, andika thamani yake hapohapo. Mistari minne, na ningeweza kuiandika wakati wowote mama akiwa hai.

Nikajaribu kwa neno lilelile, safari hii bila jina la mtu kwenye faili. Baada ya muda mfupi karani wa Geita akaniita kwenye redio ya sauti, amechangamka.

"Imefika, fundi! Safari hii ina kitu. Imeandikwa Njoo."

Nikamshukuru.

"Sasa nani aje?" akauliza.