Makapi ya Kuku wa Mama Kioko

Admin, tafadhali nifichie jina. Huku kwetu tunajuana hata kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, niko na watoto watatu, na bwanangu huchonga mawe upande wa Lukenya, hiyo kazi ikipatikana. Niko na mashine ya posho hapa sokoni, upande wa Ndithini, na watu wananiita Mama Posho. Kabla mnihukumu wacha niseme ukweli: niko na mdomo. Napenda mzaha. Watu walikuwa wanakuja kusaga na kucheka, na mimi nilikuwa najivunia hiyo sana.

Mwenye mashine anajua mambo ya nyumba za watu kuliko pasta. Zamani mtu alikuja na gunia kwa punda. Ikawa debe. Siku hizi mama mzima analeta gorogoro moja, ule mkebe wa kilo mbili, kwa begi ya shule ya mtoto, ananiambia nisikoboe, nisage hivyo hivyo na maganda ndio unga uwe mwingi. Mvua ilitupita, dizeli imepanda, sukari hata usiseme. Kwa foleni wimbo ni mmoja, "Hii nchi imeisha." Mwingine anajibu, "Haijaisha, ni sisi tunaisha." Tunacheka, lakini si kicheko cha maana.

Sasa, kwa mashine kuna desturi. Ukileta mahindi yakobolewe ya kupika muthokoi, yale maganda yanayotoka, makapi, yanabaki kwa mwenye mashine. Hakuna mtu huuliza. Mimi huyajaza kwa magunia, kuna mtu wa mifugo anakuja kuyachukua na lori, na hiyo pesa ndiyo inanunua dizeli. Bila makapi mashine haiwaki.

Mama Kioko (si jina lake) ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, ni yeye alinipikia uji mwezi mzima. Bwanake alifariki, na analea watoto wanne peke yake. Siku moja akaja kwa mashine bila mahindi, ameshika beseni. "Rafiki yangu, nipimie makapi kidogo. Ni ya kuku." Nikampimia. Wiki iliyofuata akarudi. Mara ya tatu foleni ilikuwa ndefu, na mdomo ukaniwasha. Nikasema kwa sauti, "Asi! Hizo kuku zako zinakula kama ng'ombe! Jumapili tukitoka kanisa nakuja kwako unichinjie moja." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akasema, "Karibu."

Na Jumapili nikaenda kweli! Nilibeba majani ya chai na sukari kidogo, nikaanza kuita nikiwa bado kwa njia, "Iko wapi kuku yangu?" Kibanda cha kuku hakikuwa na kuku hata mmoja, kimejazwa kuni. Nikaingia ndani. Watoto wote wanne walikuwa wamezunguka sahani moja, wanakula kitu kigumu cha rangi ya udongo, wanachovya kwa maji ya chumvi. Yule mdogo alikuwa anatoa maganda kwa meno na kidole. Jamani, nilijua hicho ni nini. Ni mimi nilikipima.

Mama Kioko aliinuka. Alinipa kiti, akakipanguza kwa leso. Na mimi na mdomo wangu wote, niliweka majani na sukari kwa meza, nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka.

Kesho yake nikangoja aende kuteka maji, nikamwachia mfuko wa unga mlangoni. Nilidhani nimefanya vizuri. Jumanne akaja kwa mashine, watu wamejaa, akaweka ule mfuko juu ya mizani, umefungwa vile vile. "Mama Posho, chukua unga wako. Kuku zangu zimekufa zote." Watu wakaanza kumpa pole. Mmoja akamuuliza, "Ni ugonjwa gani?" Akasema, "Ni huu umeingia kijijini," akaenda zake. Mimi nililia pale pale mbele ya watu, nikasingizia vumbi ya unga.

Hajarudi tena. Kanisani anakaa nyuma na kutoka kabla ya baraka. Nimeenda kwake mara mbili, watoto wananiambia mama hayuko, na mimi naona miguu yake chini ya pazia. Ngai wakwa, Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze.

Na si yeye peke yake. Tangu siku hiyo wamekuja akina mama wengine wanne, kila mmoja na beseni, kila mmoja anasema ako na kuku. Hakuna anayeniangalia machoni. Siulizi tena, napima tu. Lakini mtu wa lori anakuja Alhamisi na magunia hayajafika nusu, na amesema akikosa mzigo atatafuta mashine nyingine. Bwanangu, ambaye siku hizi anashinda nyumbani, ananiambia, "Uza makapi, mwanamke. Mashine ikilala, hata hao watakula nini?" Na hajakosea.

Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie mambo yatakuwa sawa, hata nyinyi hamuamini. Nyinyi mlio wengi hapa nifunzeni jambo moja tu: mtu anapewaje chakula bila kuvuliwa nguo? Nijibuni haraka. Jana nimesikia yule mtoto wake mdogo amefura tumbo, na mama yake bado anaambia watu eti watoto wake wameshiba.