Gauni la Vipande Sita

Katika mtaa mmoja wako watu wawili ambao huwezi kukaa nao nusu saa bila kucheka, na bahati nzuri walioana wenyewe kwa wenyewe. Mke ni fundi wa kushona. Futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kununua chumvi, ndiyo maana watu wanamwita Mama Futi na jina alilopewa na wazazi wake wamelisahau. Mume alichora ramani za nyumba kwenye ofisi moja ya ujenzi kwa miaka thelathini na mmoja. Uinjinia hajausomea hata siku moja, lakini wanamwita Injinia, na yeye anaitika vizuri tu.

Injinia alipostaafu alitulia nyumbani wiki mbili. Ya tatu akaanza kupanga sufuria za mkewe kwa vipimo, na ya nne akataka kujua kwa nini vijiko vya chai vinakaa na vijiko vya wali. Mama Futi akaona huyu mtu asipopewa kazi, yeye atafungwa kwa kumkaba mtu shingo. Akaenda chini ya kitanda akavuta maboksi mawili yaliyojaa ramani za nguo, zile karatasi ngumu alizochora kwa mkono wake tangu akiwa msichana: magauni, blauzi, sketi, suruali za watoto. Akayatua mezani, pu!

"Wewe si unajua kuchora kwenye kompyuta? Haya, nichoree hizi tuziuze."

"Tumuuzie nani karatasi?"

"Nani kasema karatasi? Tunauza mchoro. Karatasi watajijua wenyewe."

Na kweli, duka lenyewe halina mlango wala kufuli. Ni tovuti. Mtu anaifungua kwenye simu yake, popote alipo, anaona picha ya nguo, anachagua saizi, analipa, na papo hapo anatumiwa faili. Analipeleka kwa mwenye mashine ya kuchapa, anapewa kurasa ishirini na kitu, anaziunganisha kwa gundi, basi, ramani ya gauni iko mezani kwake. Hakuna cha kufungasha, hakuna cha kuliwa na panya. Injinia alilijenga duka hilo mwenyewe kwa miezi miwili, miwani ikimning'inia puani, akijifunza kwa vijana wa kwenye video wanaoongea kama wanafukuzwa.

Wapo waliomshauri Mama Futi aingie kwenye soko kubwa la mtandaoni, lile ambalo kila mwenye kitu anauza humo. Aliwacheka.

"Nikapange meza yangu kwenye ukumbi wa mtu, siku akinuna anizimie taa? Thubutu! Mteja wangu nimjue mimi, na yeye anijue mimi."

Kwa hiyo kila aliyenunua, jina lake na namba yake vilibaki kwao. Kwenye ukurasa wa mbele iliwekwa picha ya Mama Futi amesimama na futi yake, na chini yake maneno aliyoyasema kwa kinywa chake, Injinia akayaandika kama yalivyo: "Ramani zangu hazijawahi kukosea." Majivuno? Ndiyo, majivuno, lakini ya haki. Mwanamke huyu amewavisha watu miaka thelathini na nane, na hakuna aliyerudi kulalamika ila waliokuwa wamenenepa.

Nguo iliyoongoza kwa kuuzika ilikuwa gauni la vipande sita, lile linalobana kiunoni halafu linafunguka chini. Lilikuwa dukani miezi mitatu tu, na watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wameshalichukua. Mafundi wenzake waliandika sifa mpaka Injinia akaanza kuzisoma kwa sauti wakati wa chai.

Jumatano moja asubuhi ukaingia ujumbe wa namna nyingine.

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi mchanga, nimemaliza kujifunza mwaka huu. Nimepewa magauni thelathini na mawili ya wanafunzi wa uuguzi wanaohitimu. Nimetumia ramani yako ya vipande sita. Muda ni mchache, nikakata vitambaa vyote kwa pamoja. Nimeshona gauni la kwanza, halimwingii mtu. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nisaidie mama, nimekwisha."

Mama Futi aliusoma mara moja tu, akajibu kwa kidole kimoja: "Marahaba. Ramani iko sawa. Pima vizuri, mwanangu, shona polepole." Akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini chakula cha mchana hakikulika. Si kwamba alikuwa na shaka, la! Alikuwa na hasira. Akamwambia Injinia achape lile faili, kurasa zote, kama wanavyochapa wateja. Akaziunganisha, akatandika kitambaa, akakata, akashona, na alasiri alikuwa amelivaa. Lilimkaa! Akazunguka mbele ya mumewe mara mbili, mikono kiunoni.

"Haya, sema. Limekosea wapi?"

"Halijakosea popote," Injinia akakiri.

"Watoto wa siku hizi, kujifunza wiki mbili tu anajiita fundi."

Kesho yake yule binti akatuma ujumbe wa pili. Hakuleta ubishi. Alileta picha: karatasi juu ya kitambaa, na mkasi umesimama kwenye mstari. Chini yake aliandika, "Nimepima mara tatu, mama. Nimekata palipoandikwa."

Mama Futi akasonya. Injinia hakusonya. Aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaikuza picha mpaka mkasi ukajaa kioo chote. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe mkasi."

"Mkasi wangu wa vitambaa? Wewe?"

"Nipe tu."

Alitandika kipande cha shuka kuukuu, akabandika juu yake karatasi za gauni, akaanza kukata kwa utaratibu wa mtu aliyekula mshahara wa mistari maisha yake yote, ncha ya ulimi nje, mkasi haupepesuki. Hakufika mbali.

"Wee! Unakata wapi wewe?"

"Kwenye mstari."

"Mstari ni wa sindano! Mkasi unapita nje, upana wa kidole! Kila mtu anajua!"

"Nani anajua?"

"Kila fundi!"

"Mimi si fundi," alisema Injinia, akaweka kidole kwenye maneno ambayo yeye mwenyewe aliyaandika kwa herufi kubwa kando ya mchoro: KATA HAPA. "Ulinipa mstari, nikauchora. Kwetu sisi mstari ni ukuta. Ukuta ukiishia hapa umeishia hapa. Hukuniambia kuna kidole."

Mama Futi akavuta kiti akakaa. Akaitazama mikono yake. Kidole kile hakuwahi kukichora, kwa sababu hakuwahi kukifikiria. Mama aliyemfundisha kushona hakukitaja, alimpiga tu kofi la mkono kila mkasi uliposogea karibu na mstari, mpaka mkono ukajua wenyewe. Jana mkono huo huo ulikiacha kile kidole nje ya mstari bila kumwomba ruhusa, ndiyo maana gauni lilimkaa. Mafundi wenzake walikuwa wamefanya vile vile, wakasifu. Aliyefuata maandishi kama yalivyo ndiye aliyeumia.

Injinia alishachukua penseli. Sentimita moja na nusu kila upande, vipande sita, pande kumi na mbili.

"Kumi na nane," alisema.

"Sentimita kumi na nane!" Mama Futi akashika kichwa. "Gauni la mtu mzima nimelifanya la mtoto. Na nikamwambia apime vizuri! Ee Mola wangu, nimemjibu vile mtoto wa watu!"

Aliogopa, na tusimfiche. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kazini, maana nguo ikiharibika kibandani kwake anaifumua na mwenye nguo anakunywa soda akisubiri. Hawa walionunua ramani walikuwa katika miji asiyoijua, na kila mmoja alikwenda na maneno yale kwamba ramani za Mama Futi hazijawahi kukosea.

Akampigia yule binti kabla hajapoa. Binti alipokea akilia tayari.

"Nyamaza, nisikilize," alisema Mama Futi. "Kosa si lako, ni la ramani. Magauni yana rangi gani?"

"Meupe, mama."

"Unaweza kupata kitambaa cha buluu, uzito ule ule?"

"Kipo."

"Basi futa machozi tufanye kazi. Kila palipo na mshono tunapitisha ukanda wa buluu, kutoka kwapani mpaka chini. Kata ukanda wa sentimita sita. Tatu zitaliwa na mshono, tatu zitaonekana. Sita mara tatu ni kumi na nane, gauni limerudi. Na mikono nayo, ukanda mmoja katikati. Injinia anakuchorea sasa hivi. Na safari hii kidole kimo!"

Injinia aliketi kwenye kompyuta akachora ukanda, mkewe amesimama nyuma yake akimwuliza kila baada ya dakika, "Kidole umekiweka?" mpaka mzee wa watu akamwomba akapike. Ijumaa jioni binti alituma picha ya gauni la kwanza limevaliwa na mtu mzima anayecheka. Likabaki la kushona thelathini na moja, na binti alisema atamaliza.

Hapo mwingine angelala usingizi. Injinia mwenyewe alishauri hivyo.

"Mafaili yote tumesharekebisha. Watakaonunua kesho watapata zuri. Hawa wa zamani hawajalalamika, ya nini kuwaamsha? Penye kuku wengi usimwage mtama, mke wangu. Ukiandika kwamba umekosea, nani atanunua tena?"

"Mficha uchi hazai," alijibu Mama Futi. "Wote tunao humu, kwa namba zao. Si ndiyo sababu tulikataa meza ya watu? Andika."

"Niandikeje?"

Mama Futi akaikunja futi yake, akaikunjua. Neno lenyewe lilikuwa gumu kinywani. Katika ndoa ya miaka thelathini na tatu Injinia hakuwahi kulisikia, na si kwamba hakulingoja.

"Andika: Nimekosea."

Injinia akageuka akamtazama.

"Usinitazame, andika! Nimekosea. Ramani ya vipande sita niliyokuuzia haina nafasi ya mshono. Ukikata kwenye mstari, gauni litakuwa dogo kwa sentimita kumi na nane. Ramani sahihi hii hapa, chukua bure. Kama umeshakata, chukua na ukanda. Na namba yangu hii, nipigie. Na yale maneno ya mbele ya duka yatoe."

"Niweke nini?"

"Weka picha tu. Sura yangu inatosha."

Waraka ulikwenda kwa watu mia mbili na kumi na wanne Jumamosi asubuhi, na walionunua nguo nyingine wakaandikiwa wa kwao. Kufika saa sita majibu yalikuwa yanamiminika. Wawili walitukana, na Mama Futi alisema matusi hayo ni ya kwake, apewe. Mafundi wakongwe walishangaa: kosa gani, mbona mimi langu lilikaa? Wengi walishukuru wakachukua ramani mpya. Hakuna aliyelikimbia duka. Injinia alianza kupiga mluzi.

Halafu likaja moja fupi. "Asante kwa kuniambia. Mimi niliacha kushona mwezi wa pili, nilidhani siwezi."

Mama Futi alilisoma, akalisoma tena. Injinia akauliza amjibuje. Mkewe alikuwa ameshaitafuta namba na simu ilikuwa sikioni.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, nyuma yake vyombo vinaoshwa.

"Mimi ni fundi, yule uliyenunua ramani yake."

Vyombo vikanyamaza. "Shikamoo mama. Hukuhitaji kupiga simu, jamani."

"Marahaba. Nieleze ilikuwaje."

Mwanamke akaeleza kidogo kidogo, kama anaona haya. Alishona gauni la kwanza halikumwingia. Akanunua kitambaa kingine, akapima usiku na mchana, halikumwingia. Mumewe hakumgombeza. Alicheka tu, akasema mikono mingine haikuumbiwa kazi hiyo, na siku zile kila akipita karibu na cherehani anacheka. Basi yeye akaifunika cherehani.

"Nilifuata kila kitu, mama," alisema. "Kila mstari."

"Najua ulifuata. Ungekuwa mzembe lingekutosha." Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Futi, na hakuyafuta.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe, mwanangu. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekosea."

Kikasikika kiti kikiburutwa.

"Mama, usikate simu," alisema yule mwanamke haraka haraka. "Nakuomba usikate. Mume wangu yuko hapo nje. Ngoja nimpe simu, umwambie na yeye."

"Mpe," alisema Mama Futi, akasimama wima, akasafisha koo.