Kompere na Bastola Kubwa

Bastola ile haikumuua mtu. Naanza na hilo ili msomaji asikae roho juu, maana mimi nilikaa hivyo kwa wote. Ilichofanya ni kutuondolea kompere, na kwa hilo sijapata dawa.

Kwetu Likasi, mji wa shaba, mtu akisimama kanisani kumpokea mtoto wako kwenye ubatizo, toka siku ile yeye na baba wa mtoto ni kompere, na jina alilopewa na wazazi wake mnaanza kulisahau. Kompere wa mume wangu alimpokea binti yetu wa kwanza. Lakini walikuwa ndugu kabla ya hapo. Walifanya kazi pamoja kiwandani, wakipokea sahani za shaba, yale mabamba mazito, zikishuka kutoka kwenye mashine ya kunyanyulia. Siku moja mnyororo ukateleza, sahani zikamwangukia mume wangu mkono wa kulia. Wengine walikimbia kumwita mkubwa. Kompere alichukua mtaimbo, akazinyanyua peke yake, akautoa mkono huo, akambeba mwenzake mgongoni mpaka hospitali ya kampuni. Mume wangu alibaki na dole gumba lisilo na nyama chini yake, na vidole viwili vya mwisho vikaenda zao. Wakamhamishia kwenye ulinzi, kazi ambayo siku zile ilikuwa firimbi, rungu na kusinzia.

Halafu nchi ikaanguka. Mshahara ulichelewa, ukachelewa tena, mwisho tukaacha kuuliza. Unga wa kampuni, ule tuliokuwa tunaudharau kwa kuwa na wadudu, ukakosekana na wadudu wake. Watu waliokuwa wametengeneza shaba maisha yao yote wakaanza kuibeba mabegani kuivusha ukuta, na sikumlaumu mtu, njaa haina katekisimu. Shida ni kwamba hawakuja wao peke yao. Wanajeshi nao walikuwa hawalipwi, na wao hawakuruka ukuta, walipita mlangoni. Mlinzi mmoja wa upande wa pili alipigwa hadi akapoteza jicho. Kila mume wangu alipochukua baiskeli yake kwenda kazini, nilimtazama mgongo kama mtu anayemsindikiza msafiri.

Ndipo shefu wa walinzi, mwanajeshi wa zamani mwenye masharubu aliyoyapenda kuliko mkewe, akatoa bastola mbili sandukuni. Zilikuwa zimeachwa na Wazungu zamani. Kila mkuu wa zamu atabeba silaha, alisema, na mume wangu achague kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri.

Tulikwenda kuzijaribu Kakontwe Jumapili baada ya misa, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, mahali ambapo siku ya mapumziko hakuna wa kushtuka. Nasema tulikwenda kwa sababu nami nilikwenda. Mume wangu alisema si mambo ya wanawake. Nikamwambia kuvaa nguo nyeusi ni mambo ya wanawake, kwa hiyo nakuja kuangalia kitu kitakachonivalisha au kisichonivalisha. Shefu alicheka, nikafuatana nao.

Shefu aliziweka juu ya jiwe na kutueleza kama mwalimu. Zote mbili hazikuwa na nyundo nyuma. Pini ya kupigia risasi imejificha tumboni, ukivuta kifyatulio inaruka. Uzuri wake hazikwami kwenye koti. Ubaya wake huwezi kujua kwa macho kama imekaa tayari au imelala, basi uihesabu kila siku kwamba imekaa tayari. Moja ilikuwa ndogo, bapa, kazi ya Wajerumani, yenye kitufe kidogo tu cha kuifungia. Nyingine ilikuwa ya Kibelgiji, ndefu, nzito, inabeba risasi zaidi, na nyuma ya mpini ilikuwa na kipande cha chuma kinachobonyea. Kiganja kisipokibana kipande kile barabara, unaweza kuvuta kifyatulio mpaka Pasaka, haitoki kitu.

Mume wangu alijaribu zote. Ile ndogo ilikaa mkononi mwake kama imezaliwa pale. Ile kubwa aliishika kwa mikono miwili, na kwa mikono miwili ilitii, jiwe likatoa vumbi jeupe.

"Baba, kamata hii ya kidogo," shefu alimwambia. "Mukono yako haina nyama ya kufinya ile ingine. Siku ya matata hautakuwa na mikono mbili."

"Ile njo ya madamu," mume wangu akajibu. "Bazungu banamuke balikuwa banaiweka mu sakoshi yabo ya mukono. Minye niende nayo ku mulango, batu baseme nini?"

"Baseme iko muzima," nikasema mimi.

Nilimfahamu mume wangu. Toka ajali ile watu walikuwa wanampa mkono wa kushoto wakimsalimia, kwa huruma, na huruma ile ilikuwa inamla kuliko kidonda. Mwanaume aliyepungukiwa mkono hakutaka kupungukiwa na bastola pia. Nilimsihi njiani, nikamsihi mezani, nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye akasema guu lake liko salama, ni mkono tu. Alichukua ile ya Kibelgiji. Nilikasirika hata bukari, ugali wetu wa siku hiyo, niliisonga vibaya makusudi.

Ilibaki kiunoni mwake msimu mzima wa mvua bila kazi, na nikaanza kuizoea. Halafu alasiri moja alirudi kabla ya saa yake, akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaniambia nikae. Alinieleza yote hapo hapo, bila kuniangalia.

Alikuwa anazunguka nyuma ya ghala, mkono wa kushoto umeshika baiskeli. Akaona mtu anatoka kwenye tundu la ukuta, gunia kichwani mpaka usoni, limejaa vipande vya shaba, na mtaimbo mkononi. Akapiga kelele asimame. Wezi wote wakisikia sauti ya mlinzi hutupa mzigo na kukimbia. Huyu hakukimbia. Alimgeukia, akaanza kumjia, mtaimbo ungali mkononi. Mume wangu akamkumbuka yule mlinzi wa jicho. Akachomoa bastola kwa mkono wa kulia, akalenga kifua, akavuta.

Haikutoka kitu. Akavuta tena. Kiganja chake kilichokosa nyama kilikuwa kimekigusa tu kile kipande cha nyuma bila kukibana.

Mtu yule akashusha gunia. Alikuwa kompere.

"Alisikia sauti yangu," mume wangu aliniambia. "Njo juu ya ile hakukimbia. Alijua ni minye, alikuwa anakuya kunisalimia."

Kompere alikuwa ametazama bastola, halafu kidole, halafu uso wa mwenzake. Aliacha gunia, akaacha mtaimbo, akarudi kwa tundu lile lile.

Nataka niseme nilichohisi, maana nimekibeba peke yangu muda mrefu. Kwanza nilimshukuru Mungu. Pili nilijiogopa, kwa sababu mimi ndiye niliyemsihi achukue ile ndogo. Nilikuwa na haki, shefu alikuwa na haki, na kama angetusikiliza, baba wa ubatizo wa binti yangu angekuwa kaburini na mume wangu ndiye angekuwa amemweka huko. Sijui mtu afanye nini na haki ya namna hiyo. Sijamshauri mtu jambo lolote tangu hapo bila kumwambia akaulize na kwa mwingine.

Mume wangu alirudisha bastola kesho yake. Alimwambia shefu kwamba ni nzito, basi. Akarudia rungu lake. Kompere hakuja tena kwetu. Kanisani alihamia misa ya alfajiri. Mume wangu alikwenda kwake akaambiwa ametoka, akaenda tena, ametoka, ingawa viatu vyake vilikuwa mlangoni. Baadaye tukasikia amehamia upande wa Kapolowe, analima mahindi, na mvua zikikatika ananunua samaki kwenye ziwa la Tshangalele na kuwauza mjini. Mume wangu nilimkuta mara nyingi akiangalia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, anakikunja na kukikunjua.

Siku moja adhuhuri kompere akasimama mlangoni petu. Amekonda, amechomwa na jua, ana samaki wakavu kwenye kikapu. Aliniita shemeji kama zamani. Nilimpokea kikapu karibu nikidondoshe. Nilisonga bukari haraka, hii niliisonga vizuri, nikakaa nao kwa kuwa niliogopa kuwaacha wawili.

Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya binti yetu. Halafu kompere akasema, akiangalia bakuli la maji ya kunawa:

"Kompere, ile bastola ilikuwa ilisha kufa. Kintu ya zamani vile, kutu mutupu. Minye najua hata risasi haikukuwa nayo. Ulinionyesha tu juu niogope."

Nilielewa mara moja alichokuwa anafanya. Alikuwa amemfungulia mlango mwenzake na kuushikilia. Ilibaki kusema ndiyo. Nilimtazama mume wangu kwa nguvu zangu zote.

Yeye alikuwa amejiandaa kwa siku ile muda mrefu, maskini, na alikuwa ameandaa kitu kingine. Alifikiri anadaiwa ukweli.

"Hapana, kompere," alisema. "Ilikuwa na risasi. Ilikuwa muzima. Ni minye nilivuta, mara mbili. Mukono njo ilishindwa. Unisamehe."

Kompere alikausha vidole vyake kimoja kimoja.

"Najua," akasema. "Niliona kidole. Weye unazani minye sikuona? Nilikuya tu juu unidanganye kidogo, tuikale tena sawa ya zamani."

Akasimama. Aliniaga kwa heshima, akamshika mume wangu bega, akashuka barabara bila kugusa chakula. Hakurudi tena, na tulipopata habari zake mara nyingine ilikuwa ni habari ya msiba.

Jioni ile mume wangu aliniuliza kama alikosea. Nikamwambia hapana, kusema kweli si dhambi, ndivyo tulivyofundishwa. Nilisema hivyo kwa sababu ni mume wangu na kwa sababu alikuwa analia. Lakini naumia mpaka leo. Nyumba ile haikuwa na mshahara, haikuwa na sabuni, unga tuliupata kwa kubahatisha. Uongo mdogo kama ule ndio kitu pekee tulichokuwa nacho cha kumpa mgeni, na tulimnyima.